Nafasi Kati ya Tinga na Tinga

Watu wengi huruka utangulizi wa katuni. Mimi siruki. Sekunde zile chache ambazo jina la kipindi linajitokeza kwenye runinga ni sawa na jalada la kitabu. Hapo ndipo waandaaji wanakuambia wanazungumza na nani na wamechukua nini kutoka kwa nani. Unaweza kulipuuza jalada na bado ukakifurahia kitabu, lakini kuna jambo litakuwa limekupita.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikilirudia jalada moja la namna hiyo, la Tinga Tinga Tales. Wengi wenu mnaikumbuka. Ni katuni ya watoto iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010 na CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC. Kampuni ya Uingereza, Tiger Aspect, ndiyo iliyoianzisha, na michoro ikapewa uhai Nairobi, katika studio za Homeboyz. Vipindi vyake ni 52, vifupi vifupi, na kila kimoja kinajibu swali ambalo bibi zetu walikuwa wakilijibu jikoni usiku: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini gamba la kobe limevunjikavunjika. Kipindi chenyewe ni kizuri. Hilo naliweka wazi mapema ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kumrushia mawe jirani.

Ninachotaka tukitazame ni nembo, na ndani ya nembo, jina. Liandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, neno moja chini ya jingine: TINGA, TINGA, TALES. Maneno matatu, kila moja herufi tano, kila moja linaanza na T. Yanakaa kama matofali yaliyotoka kwenye kalibu moja. Mbunifu wa nembo akipewa jina kama hilo anashukuru Mungu, maana nusu ya kazi imeshafanyika. Neno la tatu ni la Kiingereza, maana yake hadithi, na limeingia kwa sauti na urefu uleule wa yale mawili ya kwanza, kiasi kwamba mtoto wa London au Chicago anaweza kulikariri kabla hajajua kusoma.

Ila mpangilio huo umewezekana kwa sababu ya kitu kidogo ambacho ni rahisi kutokukiona. Ni nafasi tupu, ile iliyopo kati ya Tinga ya kwanza na Tinga ya pili.

Mtoto wa kaka yangu, wa miaka sita, ndiye aliyenionyesha nafasi hiyo bila kukusudia. Tulikuwa tunaangalia vipindi hivyo kwenye simu yangu, hapa nyumbani Mazwi, Juni ile ambayo baridi ya Ufipa inakufanya ulale na soksi. Kipindi cha kwanza kikaisha, cha pili kikaisha. Cha tatu kilipoanza akanigeukia na sura ya mtu aliyedhulumiwa.

"Shangazi, mbona tingatinga lenyewe haliji?"

Alikuwa anasubiri tingatinga. Lile la njano, la kusukuma udongo. Na kwa nini asilisubiri? Huyu amezaliwa katika mji ambao barabara za mitaa zinachongwa kila mwaka baada ya mvua, na watoto wote wanakimbilia kuliona. Kwa Kiswahili chake, na changu, tingatinga ni mtambo. Ukiliandika jina hilo mbele ya mtoto wa Sumbawanga, umemwahidi mtambo.

Nikaanza kulichunguza neno. Kiswahili kina tabia ya kurudia neno na kuliandika kwa pamoja: pikipiki, pilipili, bodaboda, tingatinga. Likiungana linakuwa kitu kimoja chenye jina. Ukilitenganisha linageuka. "Pili pili" haiwashi mdomoni. Na "tinga" peke yake, sisi tunaoandika habari tunalijua vizuri mno, maana bila hilo kurasa za michezo zingefungwa: Simba yatinga robo fainali, Yanga yatinga nusu fainali, waziri atinga bungeni na suti mpya. Kwa hiyo Tinga Tinga, likisomwa kwa Kiswahili cha mtaani, ni kama mtu anasema ingia, ingia. Kwa sikio la Mwingereza asiyejua neno hata moja, ni mlio tu. Labda anasikia ngoma. Labda anasikia kengele ya mbuzi. Neno lenye mlio mzuri na lisilo na maana inayomshika mtu ni mali kubwa kwa anayetengeneza nembo, kwa sababu anaweza kulijaza chochote.

Tatizo ni kwamba neno hili halikuwa tupu. Lilikuwa jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932, upande wa Tunduru, kusini. Alikwenda Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, kisha akahamia Dar es Salaam. Huko alifanya kazi za kila namna, ikiwemo ya nyumbani kwa mzungu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora. Alichora kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, zile mbao nyembamba za kuwekea dari, vingi vikiwa na upande wa futi mbili hivi. Rangi alizotumia ni za mafuta, zilezile za kupakia baiskeli, kwa sababu zilikuwepo dukani na zilikuwa nafuu. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, ambako wageni walikwenda kununua mahitaji ya nyumbani.

Ukiziangalia picha zake za mwanzo utashangaa jinsi zilivyo na utulivu. Nyuma kuna rangi moja, pengine mbili. Hakuna mstari wa upeo wa macho, hakuna kivuli. Katikati anasimama mnyama mmoja, chui au nyati au ndege, amejaza ubao karibu wote, madoa yake yamewekwa moja moja kwa subira, na jicho lake limekukazia wewe mtazamaji. Kisha pembeni kuna sahihi: herufi mbili za mwanzo, E na S, halafu Tingatinga.

Mwaka 1972, usiku, akiwa ndani ya gari Dar es Salaam, polisi walidhani gari hilo ni la wezi wakalifyatulia risasi. Akafa akiwa na miaka 40 hivi. Alikuwa amechora kwa miaka isiyofika mitano.

Waliobaki ni ndugu na vijana aliokuwa anawafundisha. Wakaendelea kuchora, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 ikawepo ushirika wenye jina lake. Picha zikaongezeka wanyama, miti na masoko yenye watu kama siafu. Kila mchoraji akaweka sahihi yake kwenye kona, ila mtalii alipofika Zanzibar au Arusha au Nairobi hakuuliza jina la kwenye kona. Aliuliza, "Hii tingatinga bei gani?" Kwa hiyo tuseme ukweli: watu wa televisheni hawakuwa wa kwanza kulichukua jina, wala wa kwanza kuliandika likiwa limekatwa katikati. Sokoni lilishakatwa zamani. Walichofanya wao ni kulitoa kwenye kona ya ubao na kulileta katikati ya kioo, kubwa, likiwa limeachana na E na limeachana na S.

Nina baba mdogo ambaye ni mchora mabango. Ukipita Mazwi kuelekea sokoni miaka kumi na tano iliyopita, bucha, saluni za kiume na maduka ya pembejeo mengi yalikuwa na mkono wake. Nilipelekea simu yangu kwake nikamwonyesha picha ya chui wa Tingatinga. Aliishika mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wake.

"Huyu fundi, mama," akasema. Baba mdogo ananiita mama tangu nikiwa mdogo. "Ameanza na rangi ya nyuma akaiacha ikakauka kabisa. Angeharakisha, haya madoa yangetapakaa. Na rangi hii ya mafuta haikubali kufutwa. Ukikosea umekosea."

Nikamuuliza kuhusu sahihi kwenye kona. Akacheka.

"Kona ile ndiyo duka langu. Bango lote ni la mwenye bucha. Pale chini, jina langu na namba ya simu, ndipo mteja mwingine ananipatia. Wengine walikuwa wanakataa. Anakwambia, bango nimelipia mimi, jina lako la nini hapa? Basi namwambia, ukiniachia kona nakupunguzia bei."

Sijawahi kusoma maelezo ya sahihi yaliyo wazi kama hayo. Sisi wapenzi wa fasihi tuna mazoea ya kuifanya sahihi kuwa jambo la nafsi na utambulisho, na mengineyo yenye harufu ya semina. Kwa fundi, sahihi ni anwani. Inasema kazi hii ina mtu, na mtu huyo anapatikana, kwa sifa au kwa lawama. Alikuwa tayari kupoteza shilingi ili anwani hiyo ibaki.

Siku hizi mabango yanaprintiwa. Herufi zinatoka kwenye kompyuta, zinatundikwa asubuhi hiyohiyo, na baba mdogo kazi zake nyingi sasa ni kuta za shule: ramani ya Tanzania, irabu, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Na wanyama. Walimu humwambia, "Mzee, upande huu tuchoree tingatinga." Anachora. Twiga, pundamilia, ndege mwenye shingo ndefu, madoa kila mahali. Amefanya hivyo kwa miaka.

Nilipomsimulia habari za Edward Saidi, alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe ni mtu?"

Tangu siku hiyo swali lake limekaa kichwani mwangu kuliko uchambuzi wowote nilioufanya wa herufi tano tano. Mtu wa kazi ileile, anayetumia rangi ya aina ileile, katika nchi ileile, alikuwa akilitumia jina la mwenzake kama mtu anavyosema "kabati" au "bati la msauzi". Huwezi kumlaumu. Jina lilimfikia likiwa limeshakuwa aina ya kitu.

Hebu tulinganishe na nembo nyingine. Katuni hii ilipovuka bahari ilionyeshwa Marekani kwenye chaneli za Disney. Nembo ya Disney ni sahihi. Ni jina la mtu mmoja, Walt Disney, lililopambwa mpaka likawa picha, na inajulikana kwamba kwa miaka mingi wachoraji wengine walichora vibonzo vya magazeti vikatoka na sahihi yake yeye. Kwa hiyo kwenye kioo kimoja yalipita majina mawili ya watu wawili waliofariki, wote wamekuwa alama ya biashara. Mmoja ukimtaja mbele ya mtoto yeyote, atakwambia ni mtu, tena mwenye masharubu. Mwingine ni mtambo wa njano ambao haujafika.

Tofauti ni nini? Nadhani ni umbo la nembo yenyewe. Nembo ya Disney imebaki na mwendo wa mkono. Hata ikiwa imenyooshwa na kampuni, jicho linaiona na kujua kwamba hapa kuna mtu aliyeshika kalamu. Jina la Edward lilipokatwa vipande viwili sawa na kuunganishwa na neno la tatu la urefu uleule, lilipoteza mwendo huo likapata mdundo. Mdundo hauna mwenyewe.

Linganisha pia na katuni yetu wenyewe, Ubongo Kids, iliyoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014 ikitengenezwa Dar es Salaam. Nayo imechanganya Kiswahili na Kiingereza kwenye jina. Lakini ubongo ni neno la kila mtu, hakuna kaburi lake Dar es Salaam. Wakalichukua na hakuna aliyepungukiwa. Kwa watoto wa huku jina linasema linachosema. Mpwa wangu hakusubiri kitu kingine.

Sasa, kuna upande wa pili na nisipouandika nitakuwa nadanganya. Bila nembo ile, Edward angejulikana na nani? Kuna majina mengi ya wachoraji wa miaka ile yaliyobaki sahihi kwenye kona za mbao zinazoliwa na mchwa. Kuna familia zilizosomesha watoto kwa neno "tingatinga", na neno hilo lisingelipa karo kama lingebaki kuwa la marehemu peke yake. Jina likikatwa na kupanuliwa, watu wengi zaidi wanaingia ndani yake. Huenda hiyo ndiyo bei.

Mimi natoka mji ambao unajua bei ya jina kusomwa na wengine. Sumbawanga kwa Kifipa ni kama kusema tupa uchawi. Ni amri, na ni karibisho pia: ukija hapa, ule mzigo uache huko nje. Lakini nikiwa chuoni Dar es Salaam, nikitaja kwetu, watu walirudi nyuma hatua moja kwa utani, wakaniuliza bei ya radi na kama nimekuja kwa ungo. Neno lenye maana ya kuutupa uchawi likawa nembo ya uchawi wenyewe. Hakuna aliyebadilisha hata herufi moja. Walilichukua tu bila mtu wa kulifasiri.

Na huku huku Ufipa tuna mfano wa upande ulio kinyume. Kuna malungu, tanuru za udongo walizotumia wazee wetu kuyeyushia chuma cha majembe. Ni ndefu, mita tatu hivi, na baadhi bado zimesimama katikati ya mashamba ya mahindi. Kazi ipo, unaigusa kwa mkono. Jina la aliyeijenga halipo popote. Kwa Tingatinga ni kinyume chake, jina lipo kila mahali na aliyelibeba hayupo. Nikilazimishwa kuchagua sijui ningechagua lipi, na nina sababu zangu.

Miaka yangu ya kwanza ya uandishi nililala vijijini, nikapanda malori ya mahindi, nikaandika. Kuna gazeti, sitalitaja, lilichapa habari yangu ukurasa wa mbele. Nilinunua nakala tatu. Juu ya habari palikuwa pameandikwa: Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tano. Mama yangu aliuliza huyo Mwandishi Wetu ni nani, mbona anaandika habari za huku kila wiki. Nilimwambia ni mimi. Akasema, "Sasa si wangeandika?" Wasomaji wa kawaida hawajui kwamba Mwandishi Wetu ni watu wengi, na kwamba baadhi yao wanadai malipo.

Ndiyo maana nafasi ile kati ya Tinga na Tinga inanikera kuliko inavyostahili. Naiona kama mahali ambapo mtu alikuwa amesimama.

Mwezi uliopita baba mdogo alipata ukuta wa shule ya msingi, na mwalimu akaomba tingatinga kama kawaida. Nikamshauri, nikijiona nina wazo zuri, kwamba safari hii aandike kwenye kona: Edward Saidi Tingatinga. Watoto walione jina limeungana, lina mwanzo na mwisho.

Alikataa, na hakufikiria mara mbili.

"Hakuchora yeye, mama. Nimechora mimi."

Na ni kweli. Twiga yule ni wa kwake, hata shingo aliipinda kwa namna yake ili ikwepe dirisha. Katika kumtetea marehemu nilikuwa namfanya mzee wangu naye kuwa Mwandishi Wetu. Jina kubwa, hata likirudishiwa heshima yake yote, linaweza kummeza aliye hai na brashi mkononi. Nadhani hata wale wa Dar es Salaam, wanaochora leo kwa mtindo wa Edward, wanaujua uzito huo kuliko mimi.

Tulichoafikiana ni hiki. Kwenye kona aliandika jina lake na namba ya simu, kwa herufi ndogo kama zamani. Mwalimu hakulalamika. Na mwalimu huyo nilimwandikia karatasi moja, sentensi sita, kuhusu mtu wa Tunduru aliyechora chui kwa rangi ya baiskeli, ili awasomee wanafunzi siku ukuta utakapokauka. Chini yake niliweka jina langu kamili.